Mhudumu wa Nne

"Nchi nzima ibishe hodi kwa mpigo mmoja," alisema Chapchap, mikono kiunoni kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha, "seva yangu itaitikia, na hakuna atakayeambiwa arudi kesho."

Aliyasema hayo Ijumaa mbele ya kikao kizima cha hospitali ya macho, tena kwa kusimama, ingawa viti vilikuwa tele. Jina la Chapchap hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na wenzake kazini kwa sababu kila alipoombwa jambo alijibu "chapchap tu," liwe ni printa iliyomeza karatasi au nywila aliyoisahau mhasibu kwa mara nyingine. Kazi yake ilikuwa kuangalia kompyuta zote za hospitali, na kipenzi chake kati ya hizo kilikuwa seva, ile kompyuta moja kubwa iliyobeba ukurasa wa kujiandikishia. Jumatatu asubuhi ukurasa huo ungefunguliwa kwa wagonjwa wa mtoto wa jicho. Madaktari bingwa walikuwa wanakuja kutoka mbali, wagonjwa ni wengi, nafasi ni chache, na wakishaondoka hakuna ajuaye watarudi lini.

Miongoni mwa wagonjwa hao alikuwemo mama yake mzazi. Mama alikuwa amefikia hatua ya kumimina chai pembeni ya kikombe halafu akailaumu birika. Madaktari walipokuja mara ya mwisho, foleni ilikuwa ya miguu, getini, juani, na nafasi ziliisha mama akiwa bado anaangalia mgongo wa mtu wa mbele yake, au tuseme anaukisia. Ndipo Chapchap akaapa kwamba safari ijayo hakuna mtu atakayesimama juani, akaujenga ukurasa. Dada yake, ambaye ndiye aliyeishi na mama, alimpigia simu mapema akamwomba amwandikishe mama kimyakimya tu, si yeye ndiye mwenye funguo? Chapchap alimkatalia kwa hotuba ndefu yenye utangulizi na hitimisho. Foleni ni foleni, alisema, na mama yake ataingilia mlangoni kama mama za watu. Dada akamjibu, "Sawa, mheshimiwa," akakata simu.

Sasa, seva inafanyaje kazi? Chapchap alikuwa hachoki kueleza jambo hili, hata kwa ambao hawakuuliza. Ukibonyeza kitufe kwenye simu yako, alikuwa akisema, umebisha hodi. Mlangoni yupo bawabu ambaye kazi yake ni moja: kupokea hodi na kuzipanga mstari. Ndani wapo wahudumu. Hawa si watu, ni vipande vya programu, lakini yeye aliwaita wahudumu na jina likawakaa. Mhudumu huchukua hodi moja, huisoma, huenda stoo ya kumbukumbu kuangalia kama nafasi ipo, huandika jina la mgonjwa, humtumia ujumbe wa simu, husubiri kampuni ya simu iseme ujumbe umefika, ndipo hurudi dirishani na jibu. Akimaliza huita hodi inayofuata. Ila wakati anasubiri, anasubiri tu, hamhudumii mwingine. Amesimama kama mtu aliyetumwa chumvi kwa jirani akawakuta wanagombana.

Wahudumu walikuwa wanne. Watatu walikuwa wa umma. Yule wa nne Mkurugenzi wa hospitali alikuwa ameagiza atengwe kwa ajili ya alichokiita wageni maalumu, yaani watu wenye vyeo, wenye marafiki wenye vyeo, na wenye namba ya simu ya Mkurugenzi. Hao walipewa anwani yao ya pembeni, ndefu kama mkia wa panya, isiyotangazwa popote. Chapchap aliposikia agizo hilo alinuna. Alilalamika kantini mpaka chai ya watu ikapoa. Kisha akaketi, akaujenga mlango wa pembeni barabara, kwa sababu mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu cha hospitali hakikuwa mkononi mwake.

Jumatatu ikafika, ukurasa ukafunguliwa.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama maji kwenye mteremko. Chapchap alikaa kwenye chumba chake kidogo kilichojaa nyaya, akatazama majina yakiingia moja baada ya jingine, akajisifu kwa sauti kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumsifu. Halafu hodi zikaongezeka. Kampuni ya simu nayo ikaanza kujivuta. Mhudumu wa kwanza akatuma ujumbe akasimama kusubiri. Wa pili akasimama. Wa tatu akasimama. Mlangoni bawabu anapanga mstari, mstari unazunguka nyumba, na kwenye simu za watu kikatokea kile kiduara kinachozunguka, kinachoahidi mengi na kutoa sifuri.

Mtu akiona kiduara hicho anafanya nini? Anabonyeza tena. Na hapo ndipo Chapchap alipoanza kung'ata kalamu. Kila kubonyeza ni hodi mpya. Ile ya zamani haifutiki. Mhudumu anaihangaikia mpaka mwisho, anarudi dirishani na jibu mkononi, anakuta mwenyewe kashaondoka, kaenda kujipanga upya mkiani. Kwa hiyo wahudumu watatu wanatoka jasho kwa ajili ya watu ambao hawapo, na watu ambao wapo wanakodolea kiduara.

Alikasirika. Alikasirikia wanaobonyeza, akawaita hawana subira. Alikasirikia kampuni ya simu, akaiita majina ambayo hapa tutayaruka. Ukweli ni kwamba aliyeamua mhudumu asimame kusubiri ujumbe alikuwa ni yeye mwenyewe, maana alitaka mgonjwa apate ujumbe kabla hajapepesa jicho. Lakini jambo hilo halikumjia akilini asubuhi ile, na lilipojaribu kuja alilifungia mlango.

Zaidi ya yote alimkasirikia mhudumu wa nne. Kwenye kioo cha kompyuta alimwona wazi: hana kazi. Kila baada ya muda mrefu anabisha mgeni maalumu mmoja, anahudumiwa, anaondoka, na mhudumu anarudi kupiga miayo.

Dawa ya haraka ilikuwa kuongeza wahudumu wengine, kazi ya kuandika mstari mmoja. Lakini tangu siku kompyuta za duka la dawa zilipozimika baada ya mtu fulani kuchezea mitambo (Chapchap alisisitiza kwamba mtu huyo hajulikani), ilikatazwa kubadili chochote bila idhini ya Mkurugenzi. Basi akamtumia ujumbe: "Wahudumu wamezidiwa. Naomba idhini ya kuongeza wengine haraka."

Jibu likaja upesi ajabu. "Nimekubali. Wanakuja."

Chapchap akacheka peke yake. Wanakuja! Alidhani Mkurugenzi hatimaye ameanza kujifunza utani wa mafundi. Akanyoosha vidole juu ya kibodi, na kabla hajaandika herufi, mlango ukagongwa.

Wakaingia watatu. Mbele alikuwa Mama Dobi, anayefua mashuka ya wodini, mikono bado imekunjamana kwa maji. Nyuma yake mpishi wa jikoni na aproni yake, na nyuma kabisa mzee wa bustani katika mabuti ya mpira. Kila mmoja ameshika tableti mpya kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake.

"Tumeambiwa wahudumu hawatoshi," alisema Mama Dobi. "Haya, mwanangu, tuhudumie wapi?"

Chapchap akauliza wametumwa na nani. Wakamweleza kwamba Mkurugenzi amewagawia tableti wawasaidie watu kwenye ukumbi wa kusubiria kubonyeza ukurasa. Yaani hodi juu ya hodi. Mpishi na mzee wa bustani walikuwa na hamu ya kuanza, wakaenda zao ukumbini. Mama Dobi akabaki. Yeye alikuwa ameagizwa kwanza amtazame fundi anavyofanya, kisha awaoneshe wenzake. Chapchap akamwonesha kiti cha nyuma, akamwomba asiguse waya wowote, akapanda ngazi kwa Mkurugenzi akiwa na hasira ya kutosha kuchemsha sufuria.

"Bosi," alisema, "wahudumu niliowaomba si watu."

Mkurugenzi akavua miwani taratibu. "Kijana, wale wametumikia hospitali hii tangu wewe unajifunza kufunga kamba za viatu. Usithubutu kurudia kusema si watu."

Ilimchukua Chapchap muda kujitoa kwenye shimo hilo. Akaeleza habari ya bawabu, ya hodi, ya stoo, ya kusimama na kusubiri. Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa mahali pote pasipostahili, kisha akasema mtambo haukuongezwi kitu leo. Mwisho Chapchap akaomba jambo moja tu: kama haruhusiwi kuongeza, basi apewe yule wa nne awasaidie wenzake watatu.

"Yule ni wa wageni maalumu."

"Hana kazi, bosi. Amekaa."

"Ndiyo maana yake," alisema Mkurugenzi kwa upole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu. "Mgeni maalumu hasubiri. Ili asisubiri, lazima awepo mtu amekaa anamsubiri yeye."

Chapchap alitaka kusema kwamba chini kule kuna watu waliokuja na simu zao hawazioni, kwamba hospitali ya macho imewaambia vipofu watafute kitufe cha kijani, na kwamba kuna adabu na kuna ukatili uliovalishwa tai. Alichosema ni "Sawa, bosi." Akashuka. Maneno yote mazuri yalimjia akiwa kwenye ngazi, kama kawaida ya maneno mazuri.

Alipoketi simu ikaita. Dada.

"Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu," alisema dada yake. "Hiyo seva yako ya nchi nzima iko wapi?"

Chapchap akamsihi asibonyeze tena, kila akibonyeza anajirudisha mkiani na kuwachosha wahudumu bure. Dada akauliza kwa hiyo akae tu anakitazama kiduara? Ndiyo, akae. Na nafasi je? Chapchap akatazama kioo. Nafasi zilikuwa zinayeyuka kama sabuni ya mgeni. Dada akamwambia basi azungumze na mama mwenyewe, ampe hiyo hotuba ya foleni ni foleni.

Mama akaipokea simu. Hakulalamika. Angelalamika ingekuwa nafuu.

"Usihangaike, mwanangu," alisema. "Mimi mwanga wa dirishani bado nauona. Wapishe wanaoona giza."

Simu ilipokatika Chapchap alibaki ameishika sikioni. Akamtazama mhudumu wa nne, mzima wa afya, hana hodi hata moja. Akajiambia kwamba kuruka foleni ni pale unapompita mtu. Mlango huu hauna foleni, sasa anampita nani? Akajiambia kwamba huku si kupendelea, ni kumpa mvivu kazi. Mtu mwenye akili nyepesi ana hatari hiyo: hakosi sababu. Akaandika ile anwani ndefu herufi baada ya herufi, akajaza jina la mama, umri, jicho la kulia, namba ya simu ya dada. Akabonyeza. Jibu likarudi papo hapo, kama lilikuwa limesimama nyuma ya mlango na koti mkononi. Umeandikishwa. Karibu.

Akashusha pumzi ndefu. Na ajabu ni hii: mtu angetegemea hasira yake ipungue, ila iliongezeka. Kumbe ndivyo ilivyo rahisi! Kumbe ndivyo wanavyoishi hao wageni maalumu, kubonyeza mara moja na kukaribishwa! Hasira ikampanda upya kwa niaba ya wote, safi kabisa, kama shuka lililotoka kufuliwa. Kule nyuma kiti kilikuwa kitupu. Mama Dobi alikuwa ameshaondoka kwenda kwa wenzake, na Chapchap hakukumbuka hata kwamba kulikuwa na mtu.

Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya kipaza sauti. Akaenda.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Wazee waliofungwa bendeji jicho moja, wajukuu wameshika simu za bibi zao, wanawake walioshikana mabega ili wasipoteane. Mkurugenzi alikuwa mbele, anawaeleza wananchi kwa masikitiko kwamba tatizo la leo limesababishwa na wao wenyewe. Wanabonyeza ovyo. Wanabonyeza bila mpangilio. Mtambo ni wa kisasa, ila watumiaji bado.

Babu mmoja kwenye benchi la mbele aliinua kichwa kuelekea sauti ilikotoka. Akauliza, bila ugomvi, mtu asiyeona kama kitufe kimebonyea atajuaje kuacha kubonyeza?

Mkurugenzi akamwambia hilo ni swali zuri na litafanyiwa kazi.

Hapo Chapchap hakuvumilia. Alipanda juu ya benchi na viatu vyake. Yale maneno yote ya kwenye ngazi yakarudi, na safari hii yalimkuta mdomo uko wazi. Aliwaambia watu kwamba kosa si lao. Aliwaeleza kuwa ndani ya seva wahudumu wako wanne, na watatu ndio wanaokufa kwa ajili ya ukumbi huu mzima. Wa nne, alisema, amewekwa kwenye mlango wa pembeni, amekunja mikono, anawasubiri watu ambao hawajawahi kusimama juani hata dakika. Nafasi mnazozigombania zinatoka huku na huku, kwa milango miwili, na mlango mmoja hamkuambiwa upo.

Ukumbi ukaguna. Kwanza chini chini, kisha kwa sauti moja. Mtu akapiga kelele kule nyuma kwamba wafunguliwe. Mkurugenzi akashusha kipaza sauti, akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Huyo anawasubiri nani?" aliendelea Chapchap, amemnyooshea Mkurugenzi kidole. "Anawasubiri wenye majina. Sisi wengine macho yetu ni ya nani?"

"Sema, mwanangu," alisema babu wa benchi la mbele. Kisha, kama mtu anayetaka tu kukijua vizuri anachokipigia makofi, akauliza, "Na wewe mwenyewe una mgonjwa?"

"Ninaye, babu. Mama yangu mzazi." Sauti ya Chapchap ilitetemeka, na haikuwa ya kuigiza. "Yuko nyumbani sasa hivi na simu mkononi, anasubiri foleni kama ninyi. Mimi ningeweza, lakini sikuweza kuwaruka watu."

Wanawake wakatikisa vichwa kwa huruma. Mtu akasema huyu ndiye kijana. Hata Mkurugenzi alionekana kama anatafuta mahali pa kuanzia kuomba radhi, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye simu, pengine kutoa idhini.

Mama Dobi alikuwa amechuchumaa mbele ya benchi la mbele, tableti magotini, anamwandikia bibi mmoja jina lake. Aliinuka polepole, mkono kiunoni, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu anayeleta habari njema.

"Usijitie simanzi, mwanangu, mama umeshamwandikisha," alisema. "Si nilikuwa nimekaa nyuma yako? Jicho la kulia, ukabonyeza mara moja, akakaribishwa. Nikasema hapa ndipo kazi inapofanyika. Nikaishika ile anwani ndefu, nikaja kuwaonesha mpishi na mzee wa bustani. Benchi hili lote la mbele tumewaingiza kwa njia ile ile uliyomwingizia mama."

Walioona walimtazama Chapchap, wasioona waligeuza nyuso zao mahali ambapo sauti yake ilikuwa inatoka hapo kabla. Chapchap alikuwa bado amesimama juu ya benchi, kidole bado kimenyooka kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa ameshavaa miwani yake.